Uzoefu wangu: watoto watatu kwenye mashindano ya tamasha la Lamu

Wazazi wenzangu hapa Malindi wameniuliza mara nyingi kama tamasha la utamaduni la Lamu, lile la mwezi wa Novemba, linafaa watoto wadogo. Linafaa sana, ila raha ya watoto wangu haikuwa pale nilipoitarajia. Nilikwenda na wanangu watatu, wa miaka 11, 8 na 5, pamoja na mama yangu. Basi la alfajiri mpaka Mokowe, gati iliyo upande wa bara, mwendo wa kilomita 220 hivi, kisha boti mpaka mjini. Kutazama mashindano ya ufuoni na uwanjani hatukulipa hata senti.

Tulianza na mbio za punda. Vijana hupanda bila tandiko na kukata mbio kwenye njia ya ufuoni, upande huu nyumba, upande ule bahari. Kuna punda anayechomoka kama mshale, na kuna anayesimama katikati ya njia akagoma, mpandaji akimbembeleza na wenzake wameshapotea machoni. Watoto walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Lakini nisikilizeni wazazi: msimsimamishe mtoto chini, ukingoni mwa njia. Punda mmoja aliliacha kundi akaingia moja kwa moja penye watu. Sisi tulikuwa tumekaribishwa juu ya baraza ya nyumba moja, mama akiwa kwenye kiti, tukaona kila kitu bila kusukumwa.

Mwanangu wa miaka 5 aliingiwa na huruma, akataka kujua punda wakiumia wanapelekwa wapi. Kesho yake nikampeleka kwenye zahanati ya The Donkey Sanctuary, ambayo ipo mjini tangu 1987 na hutibu punda bure. Tulikuta punda akisafishwa kidonda cha mgongoni, pale mzigo unapochubua, naye mwenye punda amemshika kichwa akimsemesha taratibu. Mtoto alisimama kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akisimama popote.

Mashindano ya mashua ni mazuri kwa mtu mzima anayejua chombo. Mama yangu, binti wa mvuvi, alikuwa akinionyesha mabaharia waliokalia ubao uliotokezwa nje ili mashua isilale, na namna wanavyogeuza tanga wakienda bisho, yaani kuukabili upepo. Watoto waliona matanga tu kwa mbali, wakachoka upesi.

Sasa niseme ya bao, maana hapo ndipo siku yetu ilipoishia. Wachezaji hukaa Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome iliyokamilika 1821, chini ya kivuli. Nilidhani tutapita tu. Mwanangu wa miaka 11 akajibanza nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake, akamwamkia, "Shikamoo babu." Mzee akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, njoo ukae." Akavuta bao lingine lililokuwa wazi, akaanza kumfundisha. Mashimo 32, kete 64, na kete zenyewe ni komwe, zile mbegu za kijivu zilizo laini kama kokoto za ufuoni. Kila mmoja ana zake 32: sita zinakaa kwenye shimo lake kuu liitwalo nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuingizwa mchezoni moja moja. "Nyumba yako usiivunje ovyo," akamwambia, "ukiivunja mapema utahangaika." Alipokosea mzee hakumkemea. Alizirudisha kete moja moja hadi zilipokuwa, akamwambia, "Tazama tena." Niliviona vidole vyake vikidondosha komwe shimo hadi shimo bila kuhesabu kwa mdomo, na vya mwanangu vikijaribu kufuata. Walikaa hivyo kwa muda wa karibu saa mbili. Nimelipa ada za mafunzo ya likizo ambazo hazikumpa hata robo ya hayo.

Ndani ya Ngome kulikuwa na kazi za mikono: mikeka, kofia za kushonwa kwa mkono, makubadhi ya ngozi ya Siyu. Tulipita haraka kwa sababu ya joto.

Kwenye mashindano ya hina niliona ustadi wa kweli, maua membamba kama uzi yakipanda kutoka kiganjani mpaka kiwiko. Binti yangu wa miaka 8 naye akataka. Kosa langu ni kwamba sikurudi kwa wale wachoraji, nikamkalisha kwa mtu mwingine kando ya njia aliyekuwa akipaka haraka haraka, rangi nyeusi tii. Usiku mkono ukaanza kuwasha, asubuhi ukawa na malengelenge kufuata mchoro wenyewe. Ile ilikuwa piko, rangi ya kupaka nyweleni, na dawa iliyomo huunguza ngozi za watu wengine, watoto hasa. Hina halisi hutoa wekundu au kahawia na inataka saa kadhaa kushika vizuri. Ukiona weusi wa papo hapo, mwondoe mtoto. Daktari alitupa dawa, ukapona baada ya wiki mbili, na alama ingalipo kidogo.

Chakula hakikutusumbua: viazi vya karai, mishikaki, mkate wa mofa, na maji ya ukwaju baridi. Bebeni kofia na maji, na bei ya boti mkubaliane kabla hamjaingia. Nahodha aliyetuvusha alidai bei maradufu tulipokwisha kufika.

Asubuhi ya kuondoka mzee yule alikuwa pale pale Mkunguni. Alimjaza mwanangu komwe mkononi, akamwambia zilizobaki atafute mwenyewe. Tulizihesabu ndani ya boti, zilikuwa 13. Tangu turudi Malindi amechimba mashimo 32 nyuma ya nyumba, na kila Jumamosi anaomba nimpeleke kutafuta mkomwe. Zimebaki 51.