Fundi umeme wa banda letu la gari: nyota nne, ya tano naishikilia kwanza

Nianze na taa, maana ndiyo iliyonifanya nimtafute. Taa ya LED ya banda letu la gari hapa Tabata ilikuwa haizimiki sawasawa. Unazima swichi, inafifia, halafu inabaki na kamwanga kama ka kimulimuli usiku kucha. Mume wangu alishikilia kwamba ni balbu feki, akabadilisha tatu. Ya nne nikamnyima hela.

Fundi alikuja Jumamosi. Akazima swichi, akapanda, akagusisha testa kwenye holda, na testa ikawaka. Aliyetufungia umeme mwanzo (simtaji, na simu zangu hapokei siku hizi) alipitisha kwenye swichi waya wa nyutro (unaorudisha umeme) badala ya waya wa moto (unaouleta). Kwa hiyo ukizima, moto bado umejaa tele pale juu. Mara tatu mume wangu amepanda stuli kubadilisha balbu huku umeme unamsubiri!

Akafuata waya ulikotokea. Friza langu la juisi, grinda ya mume wangu, soketi mbili na hiyo taa, vyote vilikuwa vinakula kwenye waya mmoja wa 1.5 (unene kwa milimita za mraba) uliochotwa kwenye taa ya sebuleni. Huo ni waya wa taa. Grinda ikiwaka, taa za sebuleni zilikuwa zinanywea na sisi tukidhani umeme wa mtaa mzima umepungua. Tundu la juu la soketi, la ethi (waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja), halikuungwa na kitu chochote. Friza la bati, sakafu ya saruji, na mimi nafungua nikiwa na kandambili zenye maji.

Kabla ya kukubaliana bei nilimwomba leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, akaitoa bila kununa. Ufundi tulielewana 150,000. Vifaa tulikwenda naye Kariakoo, vikala 412,000. Duka la kwanza alichukua kipande cha waya wa 2.5 akakikwangua kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani nyeupe kabisa, yaani aluminiamu iliyopakwa shaba. Akakirudisha kaunta taratibu, "Mama, twende mbele." Kwa hilo tu nauli yake niliilipa kwa moyo mweupe.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Alivuta kebo ya mil sita kutoka kwenye meni swichi, akaifukia ndani ya bomba hadi bandani, akafunga kisanduku kidogo cha breka: ya ampia 20 kwa soketi zenye waya wa 2.5, ya ampia 6 kwa taa. Akachimbia ethi rodi na kuipima kwa mita. Jirani alipokuja na ushauri wa kumwaga chumvi shimoni, fundi akacheka, akasema chumvi inaila rodi na mvua inaiondoa.

Tulibishana kwenye soketi. Mimi nilizitaka chini, karibu na sakafu, nyaya zisionekane. Akagoma, akaziweka usawa wa kifua changu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, alisema, unatambaa sakafuni, na soketi inaweza kutoa cheche ukichomeka au kuchomoa kitu. Halafu mimi mwenyewe nadeki kwa ndoo. Nikanyamaza.

Sasa hiyo nyota. Aliweka RCD, kile kifaa chenye kitufe cha T, kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Unaorudi ukipungua kiasi cha miliampia 30, maana yake kuna unakovujia, pengine kwenye mwili wa mtu, na kinakata papo hapo. Kitu kizuri, na alinifundisha kukibonyeza kila mwezi nione kama bado kinakata. Tatizo ni kwamba aliweka kimoja kwa banda zima. Mwezi wa nne mvua ilinyesha usiku, maji yakaingia kwenye taa ya nje juu ya mlango, RCD ikakata kama inavyotakiwa, na friza nalo likazimika. Asubuhi nakuta ndoo mbili za juisi ya ukwaju na pakiti zote za ubuyu zimeyeyuka na kuchuruzika hadi kwenye matairi ya gari.

Nilimpigia saa moja asubuhi siku ya Jumatatu. Alikuja Alhamisi. Kazi aliifanya vizuri: taa ya nje akaibadilisha kwa ile ya kuzuia maji, na friza akalipa breka yake yenye kinga hiyo hiyo ndani, taa ikivuja lisiathirike. Breka ilikuwa 45,000, tukagawana. Lakini friza aliliona tangu siku ya kwanza, tena alikunywa juisi kutoka humo. Angeniuliza tu, ningelipa wakati ule ule.

Tangu hapo mvua zimepiga na friza halijazima. Grinda inaunguruma, sebuleni taa imetulia. Nikizima taa ya bandani, giza ni giza. Kimebaki kifuniko cha soketi ya nje, alisema atakileta wiki ijayo. Wiki hiyo ilishapita, kwa sasa nimefunga mfuko wa rambo.