Infiltrometa ya Mini Disk kwenye udongo wa Uganda: bomba ni zuri, jedwali lake liangalie mara mbili

Infiltrometa ni kifaa cha kupima kasi ya maji kuingia ardhini. Zile pete mbili za chuma ambazo maafisa wengi wa kilimo wamezizoea kwa kazi hiyo hupima udongo uliofurika. Ukizipigilia juu ya njia ya mchwa, na kwenye shamba la ndizi njia hizo hazikosekani, maji yanatumbukia shimoni na unaondoka na tarakimu kubwa isiyosema lolote kuhusu udongo wenyewe. Mini Disk ya METER Group ya Marekani inafanya kinyume: inayazuia maji kidogo, udongo uyavute wenyewe. Nguvu hiyo ya kuyazuia huitwa mvuto, na hupimwa kwa sentimita za kimo cha maji. Kwa mvuto wa sentimita 2, kila tundu lenye upana unaozidi milimita 1.5 hivi linabaki na hewa. Kwa sentimita 6, mpaka unashuka hadi nusu milimita. Mchwa hapo hana nafasi.

Kifaa chenyewe ni bomba la plastiki angavu lenye urefu wa sentimita 32.7, vyumba viwili, na chini yake diski ya chuma cha pua chenye vitundu, upana sentimita 4.5. Kinabeba mililita 135 tu za maji. Kinaingia kwenye mkoba, unapanda nacho bodaboda, na jerikani moja ya lita 5 inatosha kazi ya siku nzima. Pete mbili zingekula maji hayo kabla hujafungua daftari.

Kukijaza ni rahisi. Jaza chumba cha juu hadi robo tatu, sukuma kijiti cha mvuto (kijibomba cha juu kinachopanga mvuto) chini kabisa, geuza bomba, vua diski, jaza chumba cha chini, rudisha diski. Kisha lishike wima hewani. Likidondosha maji, usiende shambani: kizibo hakijakaa sawa au diski haijabana, na hewa inaingia pasipotakiwa. Weka mvuto wa sentimita 2 kwa udongo wa kawaida, 6 kwa udongo wa kichanga unaokunywa haraka, nusu sentimita kwa udongo ulioshindiliwa.

Maji gani? Si yale yaliyochujwa maabara, na hapa wengi hukosea: maji ya tangi la mabati ni mvua tupu, hayana chumvi karibu sawa na ya maabara. Kwenye baadhi ya udongo wa mfinyanzi yanatawanya chembe, nazo zinaziba matundu. Tumia ya bomba au ya kisima.

Kazi kubwa ni mahali pa kuweka diski. Ondoa matandazo, kata majani kwa kisu bila kung'oa mizizi, sawazisha bila kupapasa kwa kiganja, kwa sababu kiganja kinapaka uso wa mfinyanzi kama lipu. Pasipokuwa tambarare, nyunyiza tabaka la mchanga laini lenye unene wa milimita 2 au 3, lisizidi ukingo wa diski. Mchanga huo peke yake unameza mililita 1.3 hadi 1.9 mwanzoni, kwa hiyo mruko wa usomaji wa kwanza ni wa mchanga, si wa udongo. Upuuze. Bomba lifungwe kwenye stendi. La kushikwa kwa mkono linatikisika na mguso wa diski na udongo unakatika.

Soma ujazo kila sekunde 30 kwenye tifutifu, kila sekunde 2 hadi 5 kwenye kichanga, na uendelee mpaka angalau mililita 15 ziingie ardhini. Kichanga kinaweza kumaliza bomba zima kabla hujapata mstari mzuri; huo ni udhaifu halisi wa kifaa. Udhaifu mwingine ni jua. Saa saba mchana hewa iliyo juu ya maji inatanuka, inayasukuma maji nje, na mapovu yanakuja kwa mafungu. Isitoshe, maji ya nyuzi 30 yanapita kwa wepesi wa karibu robo zaidi kuliko ya nyuzi 20. Pima asubuhi au weka mwavuli, na uandike joto la maji.

Hesabu sasa, na ndipo penye mtego. Gawa kila ujazo ulioingia ardhini tangu mwanzo kwa eneo la diski, sentimita za mraba 15.9, upate kina. Chora kina dhidi ya kipeuo cha pili cha muda, pitisha mkunjo, chukua kizidishi cha muda wenyewe, si cha kipeuo chake, ukigawe kwa namba A kutoka kwenye jedwali la aina za udongo. Tuseme kizidishi ni sentimita 0.0025 kwa sekunde, mvuto 2. Ukisoma mstari wa tifutifu, A ni 6.27, unapata kasi ya maji kupita udongoni ya milimita 14 kwa saa. Mstari wa mfinyanzi, 4.30: milimita 21. Mstari wa mchanga, 1.73: milimita 52. Data ni ile ile!

Jedwali hilo limejengwa juu ya wastani wa udongo wa Marekani. Udongo mwekundu wa Buganda, ukiupeleka maabara, unaitwa mfinyanzi, lakini shambani chembe zake zimegandamana na oksidi za chuma kuwa punje ndogo imara, na maji yanapita kati yake karibu kama kwenye mchanga. Jina la maabara linakupeleka mstari usio wako. Dawa ni kupima mkunjo wa unyevu wa udongo wako mara moja, yaani udongo unashika maji kiasi gani kwa kila mvuto, kisha kukokotoa A mwenyewe kwa fomula ya mtafiti Zhang ya mwaka 1997. Usipoweza, linganisha viwanja kwa kizidishi chenyewe, bila kudai milimita kwa saa.

Kizidishi kikitoka hasi, data ni fupi mno au mguso ulikatika. Rudia sehemu ya pembeni. Na sehemu moja haitoshi kamwe kwa diski ndogo hivi: pima kumi au zaidi kwa kila kiwanja.

Kwa bustani za umwagiliaji wa matone na kwa kulinganisha matandazo na ardhi tupu, kinunuliwe. Kwa udongo mweusi wa Karamoja wakati wa kiangazi, kiache ofisini: diski itakaa juu ya bonge, na maji ya mvua ya kwanza yatapita kwenye nyufa zilizo pembeni yake.