Rola za mazoezi ya baiskeli: tathmini ya mtumiaji wa Dodoma

Kwa mwendesha baiskeli wa Dodoma, ambaye wakati wa kiangazi hupambana na upepo wenye vumbi na wakati wa mvua hukuta barabara za mitaani zimechimbika, rola za mazoezi ya ndani zinastahili kununuliwa, ilimradi anunue akijua kwamba atajifunza upya kuendesha.

Kifaa chenyewe ni fremu yenye rola tatu za alumini, mbili zikibeba gurudumu la nyuma na moja la mbele, pamoja na mkanda unaoizungusha rola ya mbele kwa nguvu ya zile za nyuma. Mkanda huo ndio roho ya kifaa, kwa sababu baiskeli hujisawazisha kwa usukani, na usukani haufanyi kazi hiyo iwapo gurudumu la mbele halizunguki.

Hakuna kinachoishikilia baiskeli, na ugumu wote uko hapo. Anayeanza aziweke rola katikati ya mlango, ili bega au kiwiko kipate pa kuegemea pande zote mbili. Asianze na gia nyepesi, maana magurudumu yakienda polepole baiskeli huyumba, ilhali kasi ikipanda hutulia. Macho yaelekee ukutani mbele, kwani anayelitazama gurudumu huvuta usukani bila kujua, tairi likatoka kwenye rola. Likitoka, baiskeli hairuki mbele kama wengi wanavyohofia, kwa kuwa mwendeshaji hakuwa akisonga. Huangukia ubavu tu.

Lawama yangu ni kwa karatasi ya maelekezo, ambayo haikueleza mahali pa kuweka rola ya mbele. Rola hiyo inapaswa kuwa chini ya ekseli ya mbele au kuitangulia kidogo sana. Ikibaki nyuma yake, usukani huwa mwepesi kupita kiasi na mgeni hukata tamaa akidhani kosa ni lake.

Rola hizi hazina ukinzani wa kumwandaa mtu kwa miinuko ya Kondoa, lakini zinafundisha kukanyaga pedali kwa ulaini, kwa sababu mguu ukishtua, baiskeli hucheza papo hapo. Umeme ukikatika mazoezi yanaendelea, ingawa bila feni jasho ni jingi mno. Tairi za kashata, yaani zenye vinundu, zina kelele. Laini zinafaa zaidi. Kabla ya kupanda nazifuta rola kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa vumbi letu likitanda juu ya alumini tairi huteleza.