Mti bandia sebuleni: uzoefu wangu baada ya miezi 14

Sebule yangu iko Sinza, Dar es Salaam, ghorofa ya chini, na dirisha lake moja linatazama ukuta wa jirani. Nimejaribu mimea hai humo mara tatu. Yote ilikufa. Wa mwisho ulikuwa mmea wa mpira, uliopukutisha majani yake ndani ya wiki tano ingawa niliumwagilia kwa uangalifu. Pasipo mwanga mmea haujipikii chakula, hata uubembeleze vipi. Ndipo nikageukia miti bandia. Wa kwanza ulinila pesa; wa pili naupenda kweli.

Huo wa kwanza ulikuwa mnazi mdogo, niliuagiza kwa kuangalia picha kwenye simu, shilingi 95,000. Ulipofika, kila kuti lilifanana na mwenzake, kijani kilekile, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Shina lilikuwa bomba lililozungushiwa nyuzi. Lakini kosa kubwa lilikuwa kuchagua mnazi. Sisi wa Pwani mnazi tunaujua. Tumeona tangu utotoni kuti kuukuu linavyoning'inia, na makovu ya shina yanavyopanda. Mgeni akiingia mlangoni, jicho linaukataa hapohapo. Nikauhamishia kibarazani, na baada ya miezi mitatu upande unaopigwa na jua ulikuwa umepauka, ukawa na rangi ya samawati.

Safari ya pili nilikwenda Kariakoo mwenyewe, nikashika kwa mikono. Nilichukua mzeituni wa futi 6 kwa 260,000. Mzeituni tunausikia misikitini na makanisani, lakini ni nani kati yetu anao uani? Jicho halina cha kulinganisha haraka, kwa hiyo linausamehe mengi. Hata hivyo usinunue wowote tu. Geuza jani. Mzeituni halisi una kijani kilichokolea juu na weupe wa kijivu, kama fedha, chini. Katika maduka matatu niliyoingia, mawili yaliuza majani yenye rangi moja pande zote. Majani mengine yalikuwa ya kitambaa cha poliesta, ambacho wauzaji hukiita hariri, na kingo zake zilishaanza kuchambuka nyuzi. Majani ya huu wangu ni plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu. Ukipitisha kidole unaisikia mishipa. Shina ni mti wa kweli, lina magome na mafundo, matawi ndiyo yamechomekwa.

Kazi yenyewe ilianza nyumbani. Ulitoka kwenye boksi umebanwa kama mwavuli uliofungwa, na kama ningeuacha vile ungebaki kuonekana wa dukani. Matawi yana waya ndani. Nilitumia jioni nzima kuyapinda, moja juu, moja pembeni, machache nikayalegeza yaangalie chini. Kabla ya kuanza nilitoka nje nikautazama mwarobaini wa mtaani kwetu kwa muda mrefu: hakuna tawi lililopangika, na upande mmoja umenenepa kuliko mwingine. Nikafanya vivyo hivyo, upande wenye majani mengi nikauelekeza dirishani, kwa kuwa mti hai hufuata mwanga.

Chungu chake kilikuwa kibakuli cheusi cha sementi, kidogo, na mtoto akiuvuta unayumba. Nimekitumbukiza kwenye kapu kubwa la ukili, nikajaza kokoto pembeni, juu nikatandaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Hayo yote hayakufika 30,000, na kwa maoni yangu ndiyo yaliyoupa mti uhai kuliko kitu kingine.

Kasoro zipo. Wiki ya kwanza ulinuka plastiki, nikalala madirisha wazi. Zeituni zake nyeusi zilionyesha gundi kwenye vikonyo, nimezing'oa zote. Vijiti viwili vya majani vimechomoka, nikavirudisha kwa gundi. Na vumbi la Dar halina huruma: kila baada ya wiki mbili naufuta kwa kitambaa chenye maji, jani kwa jani, karibu saa nzima. Ukiacha mwezi mmoja unageuka kijivu na uzuri wote unapotea.

Ningeununua tena kwa bei ileile, kwa pembe ileile isiyo na jua. Ule mnazi nimeutoa kibarazani. Pale pana jua la kutosha, nimepanda mlimao.