Shield EZ ya .380 na mkono unaouma: uzoefu wangu kwenye uwanja wa shabaha

Kama viganja vyako ni vidogo, au kifundo cha mkono kinakusumbua, na unataka kwenda kulenga shabaha bila kuiogopa kila risasi, basi Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ ijaribu kabla ya bastola nyingine yoyote. Inatumia risasi za ukubwa unaoitwa .380, nami ninaitumia huku Texas, pembeni mwa Dallas, na nimeridhika nayo. Ila bastola yenyewe ni sehemu tu ya habari. Namna unavyoishika, kelele unazoziruhusu zifike sikioni na risasi unazoweka ndani vina uzito uleule, na hayo dukani hutaelezwa sana.

Mimi ni muuguzi. Kugeuza wagonjwa kitandani na kuwainua kwenye kiti kumeniachia maumivu upande wa kidole gumba, na nikitoka zamu ya usiku hata kufungua chupa ni kazi. Mume wangu alipoleta wazo la kuwa na bastola nyumbani, nilikubali kwa masharti mawili: ikae kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli watoto wasiifikie, na mimi mwenyewe nijifunze mpaka niielewe. Kujifunza kunataka kurudia, na mkono unaouma haurudii. Ndiyo maana suala la teke, yaani bastola inavyorudi nyuma kwa nguvu ikifyatuliwa, nalichukulia kwa uzito. Bastola inayokuumiza utaitoa mara moja kwa mwaka, na mtu wa mara moja kwa mwaka hajui silaha aliyonayo.

Kwenye jamii yetu huku nimeona jambo moja likijirudia. Mwanaume akitaka kumnunulia mke wake bastola, anachagua ile ndogo kabisa, eti inaingia kwenye mkoba. Nia ni njema, lakini kwa mazoezi hiyo ndiyo inayotesa mkono kuliko zote. Sababu ni fizikia ya shule: risasi inaposukumwa mbele, bastola inasukumwa nyuma. Kichwa cha risasi ya kawaida ya .380 kina greni 95, yaani kama gramu 6. Ukiifyatua kwenye bastola ya mfukoni yenye uzito wa chini ya gramu 300, bastola inarudi kwa kasi kubwa. Ukifyatua risasi ileile kwenye Shield EZ, ambayo peke yake ina zaidi kidogo ya nusu kilo, nishati inayokufikia mkononi inapungua karibu nusu. Zaidi ya hapo, mpini wa ile ndogo ni mwembamba na mfupi, kwa hiyo msukumo wote unabanwa kwenye eneo dogo la kiganja, na kidole cha mwisho kinabaki kinaning'inia bila pa kushika.

Nilizikodi zote mbili uwanjani siku moja, nikaweka risasi za boksi moja. Tofauti sikuhitaji kuitafuta. Ile ndogo ilinipiga kwenye nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada, na baada ya magazini moja (kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini) nikaiweka chini. Shield EZ ilinyanyuka kidogo, ikashuka, na kilengeo cha mbele kikarudi mahali pake karibu chenyewe.

Kuna sababu nyingine, na hii wanunuzi wengi hawaijui. Si kila .380 imeundwa sawa ndani. Zile za muundo wa zamani, Walther PPK ikiwa mfano unaojulikana, slaidi yake, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukifyatua, haijifungi na mtutu. Kinachoizuia isirudi mapema ni uzito wake na springi ngumu. Matokeo yake, teke linakuja kwa ghafla, na kuivuta slaidi kwa mkono kunahitaji nguvu. Shield EZ imejengwa kama bastola nyingi za milimita 9: mtutu na slaidi vinarudi nyuma pamoja kwa muda mfupi sana vikiwa vimefungana, kisha vinaachana. Msukumo unafika umetawanyika kidogo. Pia nyundo yake imefichwa ndani badala ya kutumia pini inayovutwa na springi, na hilo liliwaruhusu waweke springi laini zaidi kwenye slaidi. Kwangu hii ilikuwa na maana kuliko teke lenyewe. Asubuhi ambayo kifundo kimekaza, bado naweza kuivuta slaidi hadi mwisho bila kukunja uso. Magazini nayo ina vitufe pembeni vya kushusha springi, kwa hiyo unajaza risasi nane bila kuumiza ncha ya gumba. Toleo hili la .380 lilitoka mwaka 2018, na kwa kweli linaonekana limebuniwa na watu waliowafikiria wenye mikono dhaifu.

Lina mapungufu yake. Nyuma ya mpini kuna kibao cha usalama ambacho lazima ukibane kwa kiganja, la sivyo triga haifyatui. Ukiishika chini kidogo, unavuta triga na hakuna kinachotokea. Kwa mazoezi naona ni mwalimu mzuri, maana kinakulazimisha kushika juu, lakini anayeinunua kwa ajili ya kujilinda afanye mazoezi ya kuishika vizuri tangu inapotoka kwenye ala. Jingine ni risasi. Huku Marekani .380 kwa kawaida inauzwa ghali kuliko ya milimita 9, ingawa ndiyo ndogo. Mtu wa kufyatua boksi baada ya boksi kila wiki ataiona tofauti hiyo mfukoni.

Sasa mshiko. Mwalimu wangu ni ndugu yetu kutoka Kisii aliyewahi kutumikia jeshi la Marekani, na ada yake kwa saa moja ilinifaa kuliko kifaa chochote nilichonunua. Jambo la kwanza alilofanya ni kunipokonya bastola na kunikabidhi ya plastiki. "Dada, usishindane nayo," akaniambia. "Itarudi tu. Kazi yako ni kuhakikisha inarudi palepale kila mara." Akanionyesha kusukuma kiganja cha mkono wa kulia juu kabisa, mpaka nyama ya kati ya gumba na shahada iguse ule mkunjo ulio chini ya slaidi. Kadiri mkono unavyokaribia mstari wa mtutu, ndivyo mtutu unavyokosa nafasi ya kuruka juu. Kisha mkono wa kushoto unajaza sehemu ya mpini iliyobaki wazi, kiganja kwa mpini bila mwanya, kifundo cha kushoto kikiinama mbele, na magumba yote mawili yakielekea kwenye shabaha. Mshiko huu ulienezwa na wapiga shabaha wa mashindano Rob Leatham na Brian Enos kwenye miaka ya 1980, na leo ndio unaofundishwa karibu kila mahali.

Lililonisaidia zaidi ni kujua mkono upi ubane. Mimi nilidhani ni wa kulia, kwa sababu ndio unaovuta triga. Mwalimu akasema wa kushoto ubane zaidi, wa kulia ushike kama unavyomsalimia mtu mzima kwa heshima: imara, bila kumponda vidole. Mkono wa kulia ukibana mno, kidole cha triga kinakakamaa na risasi zinakwenda chini kushoto. Kwangu mwenye maumivu upande wa gumba la kulia, maelekezo haya yalikuwa dawa. Mzigo ulihamia mkono ulio mzima. Viwiko vimekunjwa kidogo, mabega yametangulia mbele ya nyonga, magoti hayajakazwa. Ukisimama wima na kuegemea nyuma, kila risasi inakusukuma hatua, na mgongo ndio unaolipa.

Ila kifundo kisilegee. Bastola hizi zinahitaji mpini ushikwe imara ili slaidi imalize safari yake, na kifundo kikilegea risasi inayofuata inaweza kukwama mlangoni. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema achia mkono ulegee ili usiumie, usimfuate.

Kuhusu kelele, hapa ndipo ningewaomba wenzangu wasibane pesa. Mlio wa bastola unapita desibeli 150, na kiwango cha 140 kwa mlio wa ghafla tayari ni cha hatari kwa masikio. Kwenye uwanja wa ndani kuta zinaurudisha, na jirani yako anaweza kuwa na bunduki kubwa kuliko yako. Mwili haujui kutenganisha kishindo na teke, unaviogopa pamoja. Nilipovaa vizibo vya povu ndani ya sikio na juu yake vikinga masikio vya kielektroniki vya Howard Leight Impact Sport, bastola ileile ilionekana kupungua nguvu. Impact Sport peke yake ina kiwango cha kinga cha desibeli 22, kidogo kwa uwanja wa ndani, na ndiyo sababu ya kuvaa viwili. Maikrofoni yake inaendelea kunipa sauti ya mwalimu, kwa hiyo sihitaji kuvivua ili nimsikie. Hiki ndicho kifaa ninachokipendekeza bila sharti lolote.

Hofu ya mlio ndiyo inayoharibu shabaha, na inafichika. Punde tu kabla ya risasi kutoka, mkono unasukuma mtutu chini ili kupambana na teke ambalo bado halijaja. Teke likija kweli linafuta ushahidi. Njia ya kuikamata ni risasi za bandia, zile za plastiki au alumini zisizo na baruti. Mwenzako anazichanganya na risasi za kweli kwenye magazini bila wewe kujua zimekaa wapi. Ukifika kwenye ya bandia, bastola inalia "tik" tu, na kama mtutu umetumbukia chini, utauona mwenyewe. Mume wangu ndiye hunijazia. Tukisikia "tik", mtutu unabaki umeelekea kwenye shabaha na kidole kinatoka kwenye triga, tunahesabu nusu dakika, maana huwezi kuwa na uhakika kwamba si risasi ya kweli iliyochelewa kuwaka. Baada ya hapo ndipo tunaiondoa.

Kabla ya .380, ningemshauri anayeanza akodi bastola ya .22, yenye risasi ndogo zaidi. Mimi nilipewa Ruger Mark IV yenye mtutu mzito, na teke lake halifiki hata kukusumbua mawazo. Unabaki na kazi mbili tu: kilengeo na triga. Bei ya risasi zake pia ni ndogo. Hata sasa naanza zoezi kwa .22, nahamia .380, kisha namaliza na .22 tena ili mkono uondoke na tabia njema.

Nilijaribu pia CZ Shadow 2, bastola ya mashindano ya milimita 9, ya chuma kitupu, yenye uzito wa kama kilo 1.3. Risasi yake ina nguvu kuliko ya .380, lakini ule uzito unaimeza. Kwa raha ya kufyatua, ilishinda zote nilizoshika. Tatizo ni kuinyanyua: baada ya muda mabega yangu yalianza kutetemeka, na bei yake ni ya wenye kushindana. Mtu mwenye mikono mizima ambaye hana haja ya .380 atafurahia bastola ya milimita 9 yenye ukubwa wa kutosha, mfano Glock 19 au 17. Huko pia chaguo la risasi linasaidia. Wengi husema zile za greni 147, ambazo zinakwenda polepole kuliko za greni 115, husukuma badala ya kuchapa, nami nilihisi hivyohivyo.

Glovu nilizijaribu na nikaziacha. Zinapunguza mchubuko, lakini kidole kinapoteza hisia ya triga. Mpira wa kuvisha mpini unaweza kuwafaa wenye bastola nyingine. Kwenye Shield EZ uwe mwangalifu sana, kwa sababu ukifunika kile kibao cha usalama unaharibu utendaji wake. Mimi nimebandika vipande vya karatasi ya kukwaruza kwenye pande mbili za mpini tu, ili jasho lisiutelezeshe.

Kiasi nacho kina maana. Boksi la risasi 50 linanitosha. Mshiko ukianza kulegea, risasi zinaanza kutawanyika kwenye karatasi, na kuendelea hapo ni kuufundisha mkono ubaya. Siku niliyotoka zamu siendi kabisa. Nikirudi nyumbani naosha mikono kwa sabuni na maji baridi kwa sababu ya vumbi la madini ya risasi, ambayo ni sumu, kisha barafu kidogo kwenye kifundo.

Anayevutiwa na toleo la milimita 9 la Shield EZ, hasa lililokwisha kutumika, akague namba yake ya kiwandani kwanza. Mwezi wa Novemba 2020 kampuni yenyewe iliyaita kwa ukaguzi wa nyundo yale yaliyotengenezwa kati ya Machi na Oktoba mwaka huo. La .380 halikuwamo. Kwa mwenye mikono yenye nguvu anayetaka risasi nyingi kwenye magazini, hii si bastola yake, nane zitamwudhi. Mimi nimeagiza magazini mbili za ziada, kwa sababu nafasi ya kufyatulia uwanjani nailipia kwa saa, na kujaza katikati ya zoezi kunanila muda.