Uzoefu wangu wa kujifungua ughaibuni: waliniomba kadi kabla ya kunipima presha

Nimekaa miezi mingi bila kuandika haya maana kila nikianza mikono inatetemeka. Leo wifi yangu, ambaye naye yuko nchi ya watu na ana mimba changa, kanitumia ujumbe wa mstari mmoja: "Wifi, niende hospitali ya serikali au ya kulipia?" Nikaanza kumjibu kwa maneno mawili matatu, nikashtukia nimejaza skrini nzima na machozi yananitoka. Basi acha niyatoe yote.

Sisi tulichagua ya kulipia. Na niseme ukweli, kwa miezi sita ningekuuliza wewe mwenyewe kwa nini unahangaika na ya serikali. Kwanza tulianza huko huko serikalini, kwa sababu kibali chetu cha kuishi kilituruhusu. Nilikaa kwenye benchi saa mbili na zaidi, nikaonana na mkunga dakika kumi, na mara ya pili nikakuta mkunga mwingine kabisa, nikaanza kusimulia upya kuanzia siku ya hedhi ya mwisho. Lugha yao nilikuwa nayo ya kununulia vitu dukani tu. Neno kama "kondo la nyuma" ningelijulia wapi? Nilitoka pale nikamwambia mume wangu, mimi hapa sirudi.

Ya kulipia ilikuwa jambo jingine. Daktari mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, jina langu analitamka vizuri, ultrasaundi kila nikienda, hata pale ambapo haikuhitajika. Bima ya kazini kwa mume wangu ilikuwa na kipindi cha kungojea cha miezi 12 kwa mambo ya uzazi, na mimi nilishika mimba mwezi wa nne wa mkataba, kwa hiyo haikulipa chochote. Tulilipa kwa awamu kutoka mfukoni. Tulijibana. Nilijiambia hii ndiyo bei ya kulala usingizi.

Kitu kimoja tu kilinikereketa wakati ule. Daktari alishanipangia tarehe ya upasuaji, wiki ya 38, nikiwa bado na miezi mitatu mbele. Nilipouliza kuna tatizo gani, akasema hakuna tatizo, ni kwa ajili ya ratiba. Nilikuwa nimesoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2015 kuwa kiwango cha upasuaji kwenye jamii kikishapita asilimia 10, vifo vya mama na watoto havionekani kupungua zaidi. Nikamwambia. Akatabasamu akanigonga bega. Nikanyamaza, maana ukiwa mgeni unazoea kunyamaza.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe.

Ilikuwa wiki ya 33. Kichwa kilianza kuniuma tangu mchana, kule mbele juu ya macho, na dawa ya maumivu haikufanya kitu. Jioni miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vya mume wangu ndivyo vilivyoniingia. Nikaanza kuona vimulimuli pembeni mwa jicho, na chini ya mbavu za kulia pakawa panabana kama nimefungwa mkanda. Kijikaratasi cha kliniki kilikuwa kimebandikwa kwenye friji, na dalili zote hizo zimeandikwa pale: usisubiri asubuhi. Tukaita teksi, tukaenda pale pale tulipokuwa tunalipa.

Mapokezi kulikuwa na karani mmoja. Kuna maua mabichi kwenye chombo cha kioo, kuna mashine ya kadi, na kuna yeye. Nikamwambia kwa lugha yake, sentensi niliyoifanyia mazoezi njia nzima: kichwa kinaniuma sana na sioni vizuri. Hakuinua macho. Akauliza, una miadi? Nikasema sina. Akasema basi hii ni ziara ya dharura, kifurushi chenu hakina dharura ya usiku, naomba kadi.

Mume wangu akatoa kadi. Ikakataa, nadhani benki ilikuwa imeweka kikomo cha siku. Yule karani akaigeuza mashine, akakifuta kioo chake taratibu kwa kitambaa, akajaribu tena. Ikakataa. Akatuambia tukae, tukishapata njia nyingine ya kulipa tumjulishe. Nimeshika mezani kwa mikono miwili kwa sababu sakafu inazunguka, tumbo liko usawa wa macho yake, na mtu anafuta kioo cha mashine! Mume wangu anasema tulikaa dakika 40. Mimi naona tulikaa usiku kucha. Alikuwa anampigia simu rafiki yake amtumie pesa, na sauti yake ilikuwa inakatika, na mimi namwangalia mume wangu ambaye sijawahi kumwona akiomba mtu kitu maishani.

Kilichoniokoa ni nesi aliyekuwa anapita tu. Alinitazama usoni mara moja akasimama. Hakuuliza kadi. Alivuta kile kipimo cha mkononi, akapima, akapima tena mkono wa pili. 168 kwa 112. Kwa asiyejua: kwa mjamzito, 140 kwa 90 tayari inatosha kumfanya mtu achunguzwe, na 160 kwa 110 ni dharura ya papo hapo, maana baada ya hapo ni kiharusi au degedege, kile kifafa cha mimba. Mkojo ukapimwa, protini imejaa. Daktari wangu yuko likizo. Wa zamu akapatikana kwa simu, na maneno aliyoyasema ndiyo yananifanya mpaka leo nishindwe kulala: mhamisheni, hapa hatupokei mtoto wa chini ya wiki 36.

Hawana chumba cha watoto njiti. Hawana! Miezi sita ya viti vya sofa na picha za mtoto zilizochapwa kwenye karatasi ya kung'aa, na hakuna mtu hata mmoja aliyetuambia kwamba mtoto akiwahi, pale si mahali pake. Ni kweli sikuuliza. Lakini ningeulizaje kitu ambacho sikujua kama kinaweza kukosekana hospitalini?

Na bado. Gari la wagonjwa limefika, mume wangu anaomba faili langu aende nalo. Karani akasema faili halitoki mpaka deni la usiku ule lilipwe. Hapo mume wangu alipaza sauti na simlaumu. Yule nesi akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu vipimo vyote alivyoviona kwenye kompyuta, kundi langu la damu, dawa, presha na saa yake, akamkunjia mume wangu akamchomekea kwenye mfuko wa shati. Yeye ndiye sababu siwezi kuwapa sifuri. Kila nikitaka kusema wale wote ni wafanyabiashara tu, mkono wake unanijia.

Serikalini tuliingia kwa mlango wa nyuma, taa nyeupe, korido ndefu, wanawake wawili wamelala kwenye vitanda vya magurudumu ukutani. Mkunga mtu mzima akanipokea, akaandika 170 kwa wino kwenye glavu yake, akaanza kazi. Hakuna aliyetaja pesa. Simu ikawekwa kwenye mto karibu na sikio langu, na ndani ya simu ile ikatoka sauti ya mwanamke: "Dada yangu, mimi ni mkalimani wako, usiogope, wanakuwekea dawa itakayokuchoma mwili mzima, ni kawaida." Kiswahili! Saa nane ya usiku, katika nchi ile. Nililia kama mtoto. Sikujua kabisa kwamba huduma ile ipo na ni bure. Ya kulipia hawakuwa nayo.

Dawa ilikuwa magnesiamu salfeti, ya kuzuia degedege, na kweli ilinichoma, kama mtu ananimiminia maji ya moto kuanzia kifuani kwenda miguuni. Kila saa yule mkunga alikuja na kinyundo kidogo cha mpira akanigonga chini ya goti. Mguu ukiruka anaandika. Anahesabu pumzi zangu, anaangalia mfuko wa mkojo, anaandika. Mkalimani alinieleza kwamba dawa ikizidi mwilini goti ndilo linaloacha kwanza kuitikia, kabla pumzi haijaguswa. Mpaka leo nikijigonga goti kwenye meza namkumbuka. Nikachomwa pia sindano mbili za kukomaza mapafu ya mtoto, moja usiku ule na nyingine baada ya saa 24. Siku ya tatu presha ikagoma kushuka, wakanifanyia upasuaji. Binti, kilo 1.8, akalia mwenyewe.

Kwa hiyo serikali, sivyo? Ngoja.

Usiku wa pili baada ya upasuaji, wodini, tuko akina mama sita na choo kimoja. Dawa ya maumivu ilipaswa kuja saa nne, saa sita haijaja. Mume wangu walishamtoa saa mbili. Nikabonyeza kengele, kimya, nikabonyeza tena. Akaja nesi wa zamu ambaye sikumjua, akasimama mlangoni, akasema maneno mengi kwa haraka mbele ya wale wanawake wote. Nikashika simu, nikampa mkalimani. Akasikiliza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia: "Dada yangu, hayo nisikutafsirie."

Nilishaelewa. Alisema mnaenda kujificha kwenye hospitali za matajiri, mambo yakiharibika mnatuletea sisi.

Nina mshono tumboni, maziwa hayajatoka, mtoto yuko ghorofa nyingine ndani ya mashine ya joto. Sikuweza hata kugeuka ukutani. Mama wa kitanda cha jirani, ambaye hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja, alinisukumia chupa yake ya maji. Sitamsamehe yule nesi. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba aliyosema yalikuwa na ukweli ndani yake, akachagua kunipiga nayo saa ile badala ya kumpigia simu yule aliyezuia faili langu. Asubuhi nilitaka kuandika malalamiko. Sikuandika. Nilikuwa bado namhitaji anilete dawa.

Halafu asubuhi hiyo hiyo mkunga mwingine akanipeleka kwa binti yangu, akamtoa kwenye mashine na mirija yake yote, akanifungulia gauni, akamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, akatufunga kwa kitambaa. Nikamwambia naogopa atapata baridi. Akasema kifua chako kinajua kazi. Akanisimulia kwamba njia hiyo ya kangaroo ilianzia hospitali ya Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, pale mashine za joto zilipokuwa hazitoshi watoto, madaktari wakawageukia mama zao, na sasa Shirika la Afya Duniani linaitaka kwa watoto njiti wote, hata kwenye hospitali zenye mashine za kumwaga. Saa nane kwa siku angalau, akasema, ukiweza zaidi endelea. Nilikaa naye kifuani mpaka mgongo ukafa ganzi. Kilo 1.8, pumzi zake kwenye shingo yangu zilikuwa nyepesi kuliko za paka.

Akiwa bado wodi ya njiti, barua ikaja nyumbani. Ankara ya ziara ya dharura. Wametuhesabia ile ya kukaa kwenye kiti! Tuliwaandikia, wakajibu kwa mistari mitatu kwamba wanasikitika kwa usumbufu na kwamba ada inasimama. Hatujalipa. Mume wangu anasema tulipe yaishe, mimi nasema hapana, na hili tumeligombania kuliko jambo lolote tangu tuoane.

Wifi, nilikuwa nimekuandikia nenda serikalini, nikafuta. Halafu nikaandika ya kulipia si mbaya kama una hela na mimba haina shida, nikafuta pia, maana na yangu haikuwa na shida mpaka ile saa saba mchana. Jiandikishe serikalini kwanza, hata kama roho inataka kwingine, ili siku ukifika usiku wakukute kwenye kompyuta yao. Omba mkalimani siku ya kwanza, usione haya. Ukienda ya kulipia, waulize mtoto akizaliwa wiki ya 32 anawekwa wapi, na usitoke mpaka wamekuonyesha mlango wa chumba chenyewe. Kila ukipimwa kitu piga picha karatasi, ubaki nayo kwenye simu. Usimwachie mtu faili.

Ile karatasi ya nesi bado ninayo. Imechanika kwenye mikunjo na wino umeanza kufifia, ila 168 kwa 112 inasomeka. Binti yangu sasa anatambaa, juzi aliivuta kutoka kwenye droo akaitia mdomoni, nikamnyang'anya kwa ukali mpaka akalia, nami nikakaa chini nikalia naye.

Miadi yako ya kwanza ni lini? Nitumie tarehe. Na kichwa kikikuuma, saa yoyote ile, nipigie.