Patasi ya kwanza: igeuze uone mgongo kabla hujatoa hela

Malalamiko ya patasi yanayonifikia yanafanana mno, siku hizi nayajibu kabla sijafika mwisho wa meseji. Mtu kaanza kujifunza useremala wa kujifurahisha, jioni akitoka kazini na Jumapili. Kanunua seti kwenye kibegi kizuri chenye zipu. Kanoa, hazikati. Kampa kijana wa jirani mwenye mashine ya kusaga vyuma, cheche zikaruka mpaka ncha ikageuka bluu (hapo ujue ugumu wa chuma umeshaondoka), na bado patasi inatafuna mbao. Kisha swali: "Dada, ninoe kwa pembe gani?"

Pembe haina neno. Kati ya digrii 25 na 30 popote utakapoangukia patakata. Ubaya uko upande wa pili, ule ambao mnunuzi haugeuzi na muuzaji hautaji.

Makali ni pale nyuso mbili zinapokutana: mteremko unaounoa kila mara, na mgongo ulio bapa. Mgongo ukiwa na tumbo, yaani umevimba katikati na kushuka kuelekea ncha, noa mteremko mpaka ujione sura yako ndani yake, makali hayaji, kwa sababu jiwe haliufikii mgongo pale nchani. Halafu kuna hili ambalo mwanafunzi hulijua akishaharibu mbao: unaposafisha ukuta wa tundu au kupunguza ulimi (ncha ya ubao inayoingia kwenye tundu) uingie vizuri, patasi inalalia mgongo wake. Mgongo ndio unaoiongoza. Wenye tumbo unayumba, na ukuta uliotaka uwe wima unatoka umepinda, kiti kinacheza kabla hujakipaka vanishi, na wewe unadhani huna mkono wa kazi.

Mgongo uliobonyea katikati ni habari nyingine, huo nunua. Mafundi wa Japani huzitengeneza patasi zao zikiwa na bonyeo mgongoni kwa makusudi, ili zinapopitishwa kwenye jiwe ziguse kingo na ncha tu, kazi iishe haraka. Kwa hiyo usiogope shimo. Ogopa tumbo.

Kupima ni rahisi. Nenda dukani na rula ya chuma ya sentimita 15. Simamisha ukingo wake mgongoni mwa patasi kwa urefu, elekea mlangoni penye mwanga, uchungulie. Rula ikigusa katikati na mwanga ukapenya kule nchani, irudishe kabatini. Ikigusa nchani na mwanga ukaonekana nyuma zaidi, hiyo ichukue. Sentimita mbili tatu za mwisho ndizo za kuhangaikia, kule karibu na mpini hata pakiwa kama tuta la barabarani hapakudhuru.

Ndiyo, watakucheka. Huku Ngamiani, Tanga, kuna duka muuzaji aliniuliza, "Dada, unanunua patasi au unachumbia?" Nikamwambia nachumbia, alete na nyingine. Shida si maneno yake, shida ni kwamba nyingi zimefungwa kwenye plastiki ngumu iliyopigwa pini, na hataki ifunguliwe mpaka umelipa, huku nyuma yake ukutani pameandikwa MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Basi mimi nifunge macho, nilipe, nifike nyumbani nikute tumbo, na mali hairudi! Kitambaa cha gauni tunakigusa, tunakikunjua, tunakipeleka juani. Chuma cha kukata mbao ndiyo tununue kwa picha iliyo kwenye boksi?

Haya, mpangilio wangu wa patasi za kununua. Sitajifanya sina upendeleo.

Ya kwanza ni Marples ya zamani, ya Sheffield, Uingereza. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1828, na patasi zake zilizagaa sehemu nyingi walikopita Waingereza. Tanga hii yenye karakana za reli na mashamba ya mkonge, si ajabu kumkuta mzee fundi aliyestaafu na moja mbili chini ya sanduku lake. Nenda na shikamoo yako, usiende na haraka. Tafuta chapa ya jani la vipande vitatu kwenye chuma, ingawa mara nyingi imefutika. Kinachonipendeza kuliko chuma chenyewe ni kwamba aliyeitumia kabla yako ameusugua mgongo kwenye jiwe miaka nenda rudi. Umeshanyooka. Kazi ngumu kuliko zote amekufanyia mtu mwingine.

Ila angalia kutu. Hapa tunaishi na upepo wa chumvi, na chuma kilichoachwa bila mafuta karibu na bahari kinaota vishimo. Kutu ya juu juu haina shida, msasa unaiondoa. Vishimo vya mgongoni karibu na ncha ndivyo vya kukataa, maana kila unavyonoa ncha inarudi nyuma, na siku ikikifikia kishimo unapata pengo kwenye makali. Bei nayo, tangu watu wasikie kwamba kuna wanaozitafuta, imekuwa ya kukisia kwa sura ya mnunuzi. "Hii ya mkoloni, mama," anakwambia, kisha anataja hela ya kununulia seti mpya na nauli ya Muheza juu yake. Ya mkoloni kweli, lakini jana ilikuwa inabandulia plasta.

Ya pili, ya mhunzi. Nayo ni patasi iliyofuliwa kutoka kwenye springi ya gari. Wasomi wa video hawaitaji, lakini kwa kutoboa matundu kwenye mkongo au mninga, ambako unapiga gongo kweli kweli, haivunjiki ovyo. Mgongo wake kwa kawaida ni vilima na mabonde, na dawa yake ni kuwahi: mwambie mhunzi aupige tupa ukiwa bado laini, kabla hajakichoma chuma na kukizamisha kwenye oili. Kikishakuwa kigumu, tupa itateleza juu yake na utabaki na msasa na jasho.

Ya tatu ni Narex ya Jamhuri ya Cheki, yenye mpini wa mbao. Nilizowahi kuzishika migongo ilikuwa karibu na bapa, kingo nyembamba, zinaingia kwenye pembe finyu. Ningeiweka ya pili kama isingelazimu kumwomba mtu anayetoka Ulaya. Stanley mpya za mpini wa plastiki zinafuata, nene, ngumu, nzuri kwa fundi wa fremu za milango. Kwa droo na visanduku zitakusumbua kwenye kona.

Ukubwa: milimita 6, 12 na 25. Seti ya sita ni ya kukuuzia tatu usizozihitaji, na ukiomba zitenganishwe unaambiwa "tajiri hajaruhusu". Tajiri huyo hayupo dukani siku zote.

Mbao unayotaka kujifunzia nayo ina usemi. Msaji (mtiki) wa Longuza, kule Muheza, una chembe za silika, kama mchanga, ndani yake, unafifisha makali upesi hata patasi ikiwa nzuri. Mvule mara nyingine una mawe ya chokaa yaliyojificha, na ukiyagonga makali yanamomonyoka. Anza na msonobari wa Shume, kule Lushoto, lakini usidhani ulaini ni nafuu: patasi butu inauponda msonobari kwenye kichwa cha ubao (pale nyuzi zilipokatwa) badala ya kuukata, na hapo ndipo mgongo wenye tumbo unapoumbuka.

Kama umeshanunua yenye tumbo dogo, inaokoleka. Kata kipande cha kioo kinene kwa fundi vioo, nunua msasa wa maji kwa wanaouza rangi za magari, namba 220, 400, 800 na 1200. Chora mgongo wote kwa maka peni karibu na ncha, ulaze bapa juu ya msasa uliolowa, usugue bila kuinua mpini hata unywele mmoja. Palipobaki wino ndipo palipo chini. Endelea na 220 mpaka wino uondoke nchani, ndipo upande namba. Mara ya kwanza inachosha vidole, lakini haifanywi tena. Ukimaliza, paka mafuta ya cherehani na usiirudishe kwenye ule mkoba wa plastiki, unatunza unyevu.

Zile za bei ya chini kabisa, za mpini wa njano wenye mshono, zimepakwa vanishi nzito mpaka mgongoni kwa hiyo hata rula haikwambii ukweli. Nunua moja. Makopo ya rangi hayajifungui yenyewe.